Majani Makavu ya Ayalandi na Bei Yake

Ukimwuliza mtu aliyepata kufika Ayalandi ni kitu gani alichokiona kwanza, atakujibu neno moja: majani. Kisiwa hicho kiko magharibi ya Uingereza, katika bahari ya Atlantiki, na pepo za bahari hukiletea vuguvugu wakati wa baridi na mvua wakati wote. Upande wa magharibi mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka, wala haiji kwa kishindo ikaondoka kama mvua ya masika yetu, bali hunyunyiza leo, ikanyunyiza kesho, na kesho kutwa mbingu zikawa bado zimefunga. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ardhi inayolimwa au kulishwa huko ni malisho, na katika mwaka mwema majani huota miezi tisa au zaidi. Wengi katika mapadre na masista wa Ayalandi waliokuja Afrika ya Mashariki kufundisha na kuuguza walizaliwa katika mashamba ya namna hiyo, na utoto wao waliumaliza wakiwa na reki mkononi.

Basi yafaa tuulize, nchi yenye majani mabichi namna ile ina haja gani ya majani makavu? Swali hili si la kitoto. Waayalandi wenyewe walichukua karne nyingi kulijibu, na jibu lake liliwagharimu ng'ombe wengi.

Mtakatifu Beda, mtawa wa Jarrow katika Uingereza, alimaliza kitabu chake cha historia ya Kanisa mwaka 731. Humo aliisifu Ayalandi kuwa ni nchi ambayo theluji haikai chini zaidi ya siku tatu, hata watu wake hawana desturi ya kukata majani wakati wa joto kuwa akiba ya baridi, wala kuwajengea wanyama wao mazizi. Zaidi ya miaka 450 baadaye, padre mmoja wa Wales aitwaye Gerald, aliyefika Ayalandi mwaka 1185 pamoja na John mwana wa mfalme, aliandika maneno yaliyofanana na hayo: majani ni mabichi wakati wote, kwa hiyo hayakatwi. Wote wawili waliandika kwa kusifu. Lakini mchungaji akiyasoma maneno hayo hatayaona kuwa sifa tu, maana anajua kuwa mwaka mmoja mbaya hula mema ya miaka kumi mizuri.

Na mwaka mbaya ulikuja mara kwa mara. Watawa wa Ayalandi waliandika habari za kila mwaka katika vitabu vyao, na katika mwaka 1047 waliandika kwamba theluji kubwa ilianguka wakati wa baridi ikadumu hata sikukuu ya Mtakatifu Patrick, yaani tarehe 17 Machi, ikaua watu na ng'ombe, na ndege pia. Kumbukeni kuwa ng'ombe katika Ayalandi ya kale hakuwa mnyama wa kitoweo tu. Ndiye aliyekuwa fedha. Deni lilihesabiwa kwa ng'ombe wa maziwa, na fidia ya mtu aliyeumizwa ilihesabiwa vivyo hivyo. Mtu aliyepoteza ng'ombe zake kwa theluji alikuwa kama mfanyabiashara ambaye sanduku lake limeungua moto. Kinga yao pekee ilikuwa kutenga shamba moja lisilishwe tangu katikati ya mwaka, majani yakasimama humo mpaka baridi. Hiyo ni akiba, lakini ni akiba iliyolala nje: theluji ikiifunika, ng'ombe haifikii.

Desturi ya kukata na kukausha ilienezwa na Wanormani waliovuka kutoka Uingereza tangu mwaka 1169, wakakaa zaidi upande wa mashariki. Wao walikuwa na mashamba makubwa yenye madaftari, na katika madaftari yao mlikuwa na mabonde ya kukatwa majani na watu wa kuyakata. Magharibi na milimani desturi ilichelewa sana. Huko watu walihamisha ng'ombe wakati wa joto kwenda kwenye vilima, vijana na wasichana wakakaa nao katika vibanda, wakikamua na kutengeneza siagi. Ng'ombe walipokuwa mbali, mashamba ya karibu na nyumba yalipata nafasi ya kuota, na yakiisha kuota yaliweza kukatwa. Hivyo vilima na mabonde yalisaidiana.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, kwa maana hapa ndipo penye ugumu wote.

Majani mabichi ni maji kuliko kitu kingine. Katika kila kilo 100, yapata kilo 80 ni maji. Majani yanayoweza kuwekwa ghalani bila kuoza hayatakiwi kuwa na maji zaidi ya kilo 15 hivi katika 100, na yakizidi 20 ni hatari. Mwalimu akiwapa watoto hesabu hii darasani wataona jambo la ajabu: ili kupata tani moja ya majani makavu, maji ya zaidi ya tani tatu hayana budi kupanda hewani. Nani atayainua? Ni jua na upepo tu. Nasi tumekwisha kusema mvua ya Ayalandi ilivyo. Ndiyo sababu nasema kwamba mkulima wa huko hakukosa majani hata siku moja. Alichokosa ni siku tatu nne za jua zinazofuatana.

Kazi ilianza mwishoni mwa Juni au Julai. Chombo chake kilikuwa mundu mkubwa wenye mpini mrefu, unaoshikwa kwa mikono miwili na kupunguzwa kwa kuzungusha kiuno. Mkataji mzuri aliamka alfajiri, kwa kuwa majani yenye umande hukatika vyema kuliko makavu, naye aliweza kumaliza ekari moja hivi kwa siku. Majani yalilala mistari mistari nyuma yake. Jua lilipopanda, wanawake na watoto walifuata wakiyageuza kwa reki za mti na kwa uma za mipini mirefu, upande wa chini ukawa juu. Yaligeuzwa tena, na tena. Jioni, kama mawingu yalikusanyika, yalikunjwa vilundo vidogo ili umande na mvua visiyapate yote. Asubuhi yakatawanywa upya. Yakiisha kukauka kiasi, yalijengwa malundo makubwa zaidi yenye kilele kama paa la msonge, yakachanwa ubavuni kwa reki ili maji yateremke, kisha yakafungwa kwa kamba ili upepo usiyachukue. Kamba hiyo nayo ilisokotwa kwa majani yaleyale. Mmoja aliketi akilisha majani kidogo kidogo, mwingine akienda kinyumenyume na kijiti chenye kulabu akikizungusha, na kamba ikarefuka kati yao.

Malundo yalisimama shambani majuma kadhaa yakitua na kuendelea kukauka. Ndipo yalipochukuliwa kwa gari la farasi mpaka uani, karibu na mazizi, yakajengwa kuwa lundo moja refu kama nyumba, na juu yake likaezekwa kwa mafunjo au makuti ya ngano. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 waliojiweza walijenga mabanda yenye paa la bati lililopinda kama upinde. Mabanda hayo yamejaa nchini hata leo.

Kazi hii haikuwezekana kwa nyumba moja. Waayalandi wana neno lao, meitheal, nalo ni kitu kilekile tuitacho ujima. Leo majirani wote kwako, kesho wote kwa mwenzako, na mwenye shamba anawalisha. Mjane asiye na mwana mkubwa alikatiwa majani yake pamoja na wengine. Asiyefika kwenye shamba la mwenziwe bila udhuru alijua kwamba siku yake itakapofika atakuwa peke yake na mawingu.

Na siku ya Bwana je? Jambo hili liliwasumbua Wakristo wa huko, nao si wachache. Ikiwa mvua imenyesha majuma mawili mfululizo, na Jumapili jua likatoka, mtu afanye nini? Katika parokia za Kikatoliki padre aliweza kutangaza altareni kwamba baada ya Misa watu wana ruhusa kwenda kuokoa majani au mavuno, kwa sababu ni haja ya kweli wala si tamaa. Wapresbiteri wa Ulster, upande wa kaskazini, walikuwa wakali zaidi katika kuishika siku hiyo. Mimi sitaki kuamua kati yao. Nataka msomaji aone tu jinsi siku moja ya jua ilivyokuwa na uzito, hata ikaletwa mbele ya altare.

Pupa nayo ilikuwa na adhabu yake. Majani yakiingizwa ghalani kabla ya wakati, hupata joto ndani kwa ndani. Mkulima mwenye mashaka alichoma chuma kirefu katikati ya lundo, akakiacha kidogo, kisha akakitoa na kukishika: kikiunguza mkono, alilibomoa lundo upesi, maana lundo kama hilo huweza kuwaka lenyewe pasipo mtu kutia moto. Na lisipowaka huota ukungu. Wengine walinyunyiza chumvi katika majani yenye unyevu ili kupunguza madhara. Vumbi la ukungu ule humwingia mtu mapafuni wakati wa kulisha, likamletea homa na kifua kisichopona, ugonjwa ambao madaktari waliueleza mwaka 1932 nao umewalemaza wakulima wengi wa Ayalandi.

Liko na shauri la wakati wa kukata. Majani machanga, kabla ya kutoa masuke, yana nguvu nyingi lakini ni machache na yana maji mengi. Majani yaliyokomaa ni mengi na hukauka kwa urahisi, lakini yamekuwa kama mabua. Ng'ombe hushiba asinenepe. Tangu masuke yanapotoka, nguvu ya chakula hupungua karibu kila siku. Basi mkulima aliyengoja jua alipoteza nguvu ya majani, na asiyengoja aliweza kupoteza majani yote. Wengi walingoja. Kwa hiyo majani makavu ya Ayalandi mara nyingi yalikuwa ya wastani tu, nao waliyaongezea turnipi, shayiri, na viazi vibovu. Maskini walikata hata vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano vilivyomea mipakani, wakavitwanga mpaka miiba ikalainika, wakampa farasi.

Ng'ombe walifungwa zizini kuanzia Novemba, wasitoke mpaka Aprili. Ng'ombe mmoja mkubwa hula kilo 10 au 12 za majani makavu kwa siku. Zidisha kwa siku 150, utaona anahitaji tani moja na nusu au zaidi. Mwenye ng'ombe sita alihitaji tani tisa, na tani tisa hizo alipaswa kuzipata katika siku chache za Julai. Mgawo ulipangwa kwa busara: majani mazuri kwa ng'ombe anayekamwa, kwa aliye karibu kuzaa, na kwa farasi wa kulima, yaliyonyeshewa kwa maksai na mitamba.

Tarehe 1 Februari ni sikukuu ya Mtakatifu Brijita, msimamizi wa Ayalandi pamoja na Patrick, ambaye watu humhesabu kuwa mlinzi wa ng'ombe na maziwa. Ilikuwa desturi mkesha wa siku hiyo mwenye nyumba aende uani kutazama akiba yake. Nusu ya majani ilipasa kuwa imebaki. Msomaji anaweza kushangaa, kwa kuwa mwezi wa Februari baridi inaonekana imekwisha pita nusu na zaidi. Lakini wazee walijua kwamba miezi ya kuogopwa si Desemba na Januari. Ni Machi na Aprili, ng'ombe wanapozaa na majani mapya bado hayajatoka. Wana hadithi ya ng'ombe mwenye madoa aliyejivuna mwisho wa Machi kwamba mwezi huo umeshindwa kumwua. Machi ikakasirika, ikamwendea Aprili ikakopa siku chache, na kwa siku zile za kukopa ikamwua ng'ombe yule. Hata leo baridi ya mwanzo wa Aprili huitwa siku za ng'ombe wa madoa. Katika miaka mibaya ng'ombe walidhoofu hata wasiweze kusimama wenyewe, majirani wakaja asubuhi kuwainua kwa mikono.

Sasa tuje kwenye bei, ambayo wengi hudhani ni habari ya wafanyabiashara peke yao.

Majani makavu yaliuzwa kwa njia nyingi. Yaliuzwa yakiwa yamesimama shambani, kwa ekari, katika mnada: mnunuzi alinunua majani mabichi pamoja na hatari ya mvua, kisha akakata na kuchukua mwenyewe. Yaliuzwa kwa lundo, kwa kukadiria kwa macho. Na mjini yaliuzwa kwa uzani. Soko kubwa la Dublin lilikuwa Smithfield, uwanja uliofunguliwa katika karne ya 17, ambako magari ya wakulima yalifika yamebeba majani na mabua, marefu kuliko nyumba ndogo. Mji wa zamani uliishi kwa farasi. Tramu za Dublin zilivutwa na farasi tangu mwaka 1872, mpaka umeme ulipochukua mahali pao mwaka 1901, na kila farasi wa tramu, wa mikate, wa bia, na wa polisi alikula majani ya mashambani. Gari lililoleta majani lilirudi na samadi.

Mnunuzi mwenye akili hakununua kwa macho tu. Aliingiza mkono katikati ya lundo, akavuta, akanusa. Majani mema yana rangi ya kijani hafifu na harufu tamu. Mabaya ni meusi au yana vumbi. Kwa nini katikati? Kwa sababu wako watu waliovika mazuri nje na kuficha mabovu ndani, tena wako waliouza maji kwa bei ya majani. Hata siku hizi, yanapouzwa kwa marobota, udanganyifu unapata nafasi, mara nyingi bila mtu kukusudia. Tuseme mmoja anauza robota kwa euro 4, na mwingine kwa euro 5. Mnyonge wa hesabu atakimbilia la 4. Lakini kama la kwanza lina kilo 15 na la pili kilo 22, tani moja ya kwanza ni euro 267 hivi, na ya pili ni 227. Lililoonekana ghali ndilo rahisi. Na kama la rahisi lina unyevu, si rahisi tena.

Lakini jambo kubwa katika bei ni hili. Mvua ikiharibu majani ya nchi nzima, bei ya majani hupanda, na wakati huohuo bei ya ng'ombe hushuka, kwa kuwa kila mtu anataka kuuza wanyama asioweza kuwalisha. Mkulima mdogo hupigwa pande mbili kwa fimbo moja. Zaidi ya hayo, katika karne ya 19 wakulima wengi wa Ayalandi hawakumiliki ardhi. Walipanga kwa mabwana wenye ardhi, na kodi ililipwa kwa desturi Mei na Novemba. Novemba ndiyo wakati mtu amekwisha kujaza ua wake. Asiyekuwa na fedha alilazimika kuuza majani au ng'ombe wakati huo ambapo wengi wanauza. Na kama akiba ilimwishia Machi, alinunua wakati ambapo wengi wananunua. Aliuza rahisi, akanunua ghali, kwa majani yaleyale ya shamba lake. Wengi walikwenda kutafuta kodi hiyo ng'ambo: wakati wa joto wa mwaka 1841 walihesabiwa zaidi ya watu 57,000 waliovuka kwenda Uingereza na Uskoti kuvuna mashamba ya wengine.

Kisha ikaja njaa kuu ya mwaka 1845 mpaka 1852, viazi vilipooza. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine kama milioni moja wakahama. Katika ardhi iliyobaki tupu mabwana wengi waliona faida kuweka ng'ombe badala ya watu, na katika miaka sitini iliyofuata eneo la kukatwa majani lilikua karibu mara mbili. Mtu akisifu mabonde ya kijani ya nchi hiyo, na akumbuke kwamba katika baadhi yake mlikuwa na vijiji.

Mwaka 1879 mvua na baridi havikukoma. Viazi viliharibika, majani yakaoza katika mistari yake shambani, bei zikaanguka, na kodi ikabaki ilivyokuwa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo Michael Davitt na wenziwe walianzisha Chama cha Ardhi mjini Dublin, na Charles Stewart Parnell akawa rais wake. Sisemi kwamba majani yaliyooza ndiyo yaliyoanzisha vita vya ardhi. Madhara yalikuwa ya zamani zaidi. Lakini mtu ambaye kodi yake haikupungua wakati ua wake ulipokuwa mtupu alisikiliza maneno ya Davitt kwa masikio mengine. Sheria za mwaka 1881 na 1903 zilifuata, na hatimaye wapangaji wakanunua mashamba yao.

Lakini ugomvi huo ulikuwa na upande wa giza, nao sina haki ya kuuficha. Katika miaka ya magomvi ya ardhi watu walichomeana malundo ya majani usiku. Kwa nini majani, wala si nyumba? Kwa sababu nyumba ina watu, na mwenye kuichoma ni mwuaji. Lakini lundo likiungua Novemba, hakuna aliyekufa usiku ule, ila ng'ombe wote wa adui wamekwisha kuhukumiwa kufa Machi. Kiberiti kimoja kiliteketeza jasho la Julai yote. Fidia ya moto huo aghalabu ilitozwa kwa wenyeji wote wa wilaya, wenye hatia na wasio na hatia. Wanyama nao, ambao hawakupanga kodi wala kuandika sheria, ndio waliolala njaa.

Vita Kuu ya mwaka 1914 mpaka 1918 ilipandisha thamani ya majani kuliko wakati wowote. Jeshi lilikuwa na farasi na nyumbu mamia ya maelfu, na chakula chao kilichopelekwa Ufaransa kilipita tani milioni tano, uzito zaidi ya ule wa risasi na mizinga. Majani yalibanwa kwa mashine kuwa marobota ili yaingie melini.

Mashine za kukatia zinazovutwa na farasi zilikuwa zimekwisha kuenea tangu nusu ya pili ya karne ya 19. Kiwanda cha Pierce huko Wexford, kilichoanzishwa mwaka 1839, kilijulikana sana kwa mashine hizo. Baada yake zikaja trekta na mashine za kufunga marobota, na ujima ukapungua, kwa kuwa mtu mmoja aliyekaa juu ya chuma alifanya kazi ya majirani kumi. Wazee wengi waliufurahia wepesi huo, na wakaulilia ujima huohuo kwa pumzi moja.

Hata hivyo mashine haikutengeneza jua. Mwaka 1947, baada ya mavuno ya mvua ya mwaka 1946, baridi ya mashariki ilidumu majuma mengi, na usiku wa tarehe 24 na 25 Februari theluji ikafunika mazizi. Wanyama wengi mno walikufa. Ndipo Waayalandi walipozidi kugeukia njia nyingine: kukata majani mabichi, kuyashindilia na kuyafunika yasipate hewa, yakavundikwa kama tunavyovundika ndizi, ila yanageuka kuwa machachu yasiyooza. Chakula hicho huitwa saileji. Hakihitaji siku nne za jua. Siku moja yaweza kutosha. Katika miaka ya 1970 na 1980 kiliyapita majani makavu, na leo marobota yaliyoviringishwa plastiki nyeusi yametapakaa mashambani. Majani makavu yamebaki zaidi kwa farasi, kwa ndama, na kwa wenye mashamba madogo.

Pamoja na hayo, mwaka 2012 mvua iliharibu wakati wa joto, na mwaka 2013 baridi ikakawia mpaka Aprili, majani hayakuota. Ikawa ni ajabu ya kusimuliwa: nchi aliyoisifu Beda kuwa haihitaji kukata majani ililetewa majani makavu kwa meli kutoka Uingereza na Ufaransa, na serikali ikasaidia nauli yake ili wakulima waweze kuyanunua. Miaka mitano baadaye, mwaka 2018, mambo yalikuja kinyume. Theluji kubwa ilianguka mwanzo wa Machi, wakulima wakamaliza akiba zao. Kisha Juni na Julai jua likawaka kama la kwetu, malisho ya kusini na mashariki yakawa rangi ya udongo. Jua lile ambalo babu zao waliliomba magotini lilikuja lote kwa mara moja, na hapakuwa na majani ya kukausha. Wakulima walifungua katikati ya mwaka marobota waliyoyaweka kwa ajili ya Desemba. Mvua iliporudi, vuli ikawa na vuguvugu kiasi, majani yakaota tena, nao wakakata mara ya mwisho mashamba ambayo kwa desturi hayakatwi wakati huo, wakijaza mabanda kabla ya Novemba.